Mtu Aliyetaka Kosa Liwe Lake

Katika yadi ya malori ya Kombolcha kulikuwa na desturi ambayo siku hizi imekufa: lori jipya halikuteremka kwenda Mille, kule jangwani, kabla halijavuliwa plastiki.

Kazi hiyo ilikuwa ya Gashe Zewdu. Sote tulimwita Gashe, kama kaka mkubwa, hata madereva waliokuwa rika lake, kwa heshima ya mikono yake. Dereva aliinua kibanda cha lori, Gashe akazamisha mkono hadi begani, akafungua boliti tatu na kuchomoa kiwiko cheusi cha plastiki, kile kinachotoa maji ya moto kwenye injini na kuyapeleka kwenye rejeta. Alikigonga kwa spana mbele ya watu. Kikatoa sauti ya sahani ya mtoto.

"Mnasikia wenyewe?" Bezabih hakukosa kusema. Yeye alikuwa dereva mwenye ulimi kuliko wote pale. "Lori la tani arobaini, halafu shingo yake wameifinyanga kwa ndoo ya kuogea!"

Kisha Gashe alitoa mfukoni mwa ovaroli kiwiko chake mwenyewe, cha alumini, alichokisubu kwa mikono yake, akakigonga hicho pia. Kililia kama kengele. Watu walicheka kwa kuridhika, na mama yangu, aliyekuwa akiuza chakula na kahawa pale yadini, alipiga vigelegele kana kwamba lori limeoa.

Haikuwa mbwembwe tupu. Plastiki zile zilistahimili mwaka, pengine mwaka na nusu. Halafu siku moja lori limebeba mzigo kutoka Djibouti, linaanza kupanda kutoka jangwani kuelekea Bati, na kiwiko kinapasuka kama ganda la yai. Maji yote yanamwagika barabarani, na dereva anakaa siku mbili chini ya lori lake akingoja kipuri kutoka Addis Ababa, jua likimtafuta kila upande. Vile vya Gashe havikupasuka. Aliichukua plastiki yenyewe, akaizika kwenye mchanga wenye unyevu ili iache umbo lake, akayeyusha pistoni chakavu kwenye tanuri lake dogo, akamimina. Baada ya hapo ilikuwa tupa na msasa siku nzima. Mimi nilisomea chini ya turubai la mama, na mpaka leo nikisikia tupa inakwaruza chuma nahisi nimesahau kufanya kazi ya shule.

Lazima niseme alikotoka, ingawa yeye hakupenda jambo hilo lisemwe. Alizaliwa milimani juu ya Haik, katika ukoo wa wahunzi. Kwetu mhunzi humtengenezea mkulima jembe na humtengenezea mke wa mkulima kisu, lakini mkulima huyo hali naye sinia moja. Watu husema kwamba wenye nyundo wana jicho. Wakikitazama chakula, tumbo la mlaji huuma. Wakimsifu mtoto, mtoto hulala na homa. Zewdu alipokuwa mdogo wanawake walifunika maziwa akipita, na sokoni wanunuzi walimtupia baba yake pesa chini badala ya kumpa mkononi.

Akiwa na miaka kumi na saba aliteremka Kombolcha. Enzi hizo malori yalikuwa ya Kiitaliano, chuma kutoka juu hadi chini, na mengi yalikuwa yamechoka. Alijifunza kuyafufua. Yadini hakuna aliyemuuliza ukoo wake. Walimuuliza kazi itakwisha lini. Baadaye walijua, kwa sababu kutoka Haik hadi kwetu si safari ya kuficha jambo, lakini kufikia hapo walikuwa wakimhitaji, wakaona haya kulitaja. Yeye mwenyewe alijitenga. Saa ya chakula alikwenda nyuma ya tanuri na kipande chake cha injera, mkate wetu mwembamba wenye vishimo.

Aliyemaliza jambo hilo ni Endris Muhe. Endris alikuwa dereva mnene, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusemezana na mwenzake juu ya mlio wa injini. Chini ya turubai la mama nyama haikupikwa kamwe, ilikuwa mchuzi wa shiro na dengu tu, ili Wakristo na Waislamu wale pamoja bila mtu kuuliza nani kachinja. Mchana mmoja Endris alimfuata Gashe kule nyuma, akamvuta kwa mkono wa ovaroli.

"Wewe, njoo hapa. Shiro inapoa kwa ajili yako."

"Nimeshakula, kaka."

"Umekula nini, moshi? Kaa."

Alimkalisha kwenye sinia, akakunja tonge kwa vidole vyake mwenyewe, akamtia mdomoni mbele ya madereva wote. Tonge la namna hiyo hupewa mtu unayempenda. Kila mtu alinyamaza, halafu Bezabih akasema, "Mtilie jingine, huyo anatafuna kama bibi harusi," na kicheko kilipopita jambo likawa limekwisha. Kwa miaka ishirini na miwili hakuna aliyelifungua tena. Gashe alimwambia mama kwamba tonge lile alilitafuna mpaka likawa maji, kwa kuwa aliogopa akilimeza litakuwa limepita. Hakujenga nyumba ya ghorofa, hakununua shamba. Alichokipata mjini ni nafasi yake kwenye sinia ile.

Hata hivyo hakujisahau. Sisi tunaposifu kitu huongeza "Mungu akilinde," na asiyeongeza watu humgeukia. Gashe aliona salama zaidi kutosifu kabisa. Akiletewa mtoto mchanga amwone, aliangalia viatu vyake mwenyewe. Siku mama alipovaa gauni jipya la sikukuu akajizungusha mbele ya watu, Gashe alisema tu, "Kahawa ya leo ina moshi." Mama alimkasirikia juma zima. Mimi nilielewa.

Kisha Endris akanunua lori. Alikuwa ameendesha ya watu wengine tangu ujana, na sasa, mvi kichwani, lake mwenyewe liliingia yadini, jeupe, vioo bado vina karatasi za kiwandani. Gashe alikuwa amekiandaa kiwiko chake majuma mawili kabla. Alikipiga msasa mpaka ungeweza kujitazama ndani yake na kusuka nywele. Alikifunga bila haraka, akakaza boliti kwa vidole kabla ya kutumia spana. Injini ilipowaka ikaunguruma sawasawa, alitoka chini ya kibanda, akafuta kiganja kwenye ovaroli, akakiweka juu ya mlango mweupe.

"Zuri hili," alisema. "Jamani, ni zuri. Sijaona mfano wake."

Nilikuwa nimeshika trei ya finjani. Nilingoja aongeze maneno yanayofuata. Wote tulingoja. Alikuwa akitabasamu tu, mkono bado mlangoni, na furaha ilikuwa imemfanya mtu asiyekumbuka yeye ni nani. Mwishowe Endris mwenyewe ndiye aliyesema haraka haraka, "Mungu alilinde, Mungu alilinde," akacheka kwa nguvu kupita kiasi. Bezabih hakucheka. Alitema mate pembeni mara tatu, kwa adabu, kama mtu aliyeingiwa na vumbi.

Miezi kumi na minne ilipita bila tatizo. Mwezi wa kumi na tano lori la Endris likafa kwenye mlima wa Bati. Alitusimulia akiwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mikono ikining'inia katikati ya magoti.

"Mshale wa joto ulikuwa umetulia. Nawaambia, umetulia kabisa. Kumbe maji yalishakwisha, unapima hewa. Nikasikia harufu. Halafu ikagonga mara moja, ga! Nikajua hiyo ni roho yake inatoka."

Injini ilikuwa imeshikana. Silinda hedi ilikuwa na ufa unaoingia kucha. Kiwiko cha Gashe kwa nje kiling'aa vilevile, ila kilikuwa na kitundu kidogo cha sindano upande wa chini, na rejeta ilikuwa imejaa tope jeupe kama chokaa. Mwezi huohuo malori mengine mawili yakafa kwa namna ileile. Yote mawili yalikuwa yamevuliwa plastiki.

"Yote aliyoyagusa," alisema Bezabih.

"Nyamaza," alisema Endris.

"Nimenyamaza. Lakini lile lako hakuligusa tu. Alilisifu. Tulikuwepo."

Endris hakumjibu. Angemjibu siku ile, nadhani, hadithi hii ingekuwa nyingine.

Kuanzia hapo mambo yalibadilika bila mtu kutangaza chochote. Siku ya kwanza nilidhani nimeona vibaya. Gashe alikuwa akija kutoka upande wa tanuri, na mama akachukua kitambaa akafunika kikapu cha injera.

"Nzi," aliniambia, ingawa sikuuliza.

Ulikuwa msimu wa baridi. Kombolcha ilikuwa na ukungu mpaka saa nne, nzi wenyewe walikuwa wamelala.

"Mama, hakuna nzi."

"Wewe na vitabu vyako. Mimi nalisha watu hamsini kwa siku. Mmoja akiumwa tumbo hapa, kesho watakula kwa nani?" Halafu, kwa sauti ya chini: "Unadhani napenda? Yule mtu aliniwekea bati la jiko langu bila kunidai hata senti."

Wakati huo nilikuwa nimemaliza kemia chuo kikuu, na kazi yangu ilikuwa kupima maji ya kutia rangi kwenye maabara ya kiwanda cha nguo. Asubuhi moja askari wa getini alinipigia simu kwamba kuna mzee ananiuliza. Alikuwa Gashe Zewdu. Alivaa koti la kanisani, na kwapani alibana kitu kilichofungwa kwa gazeti.

"Sinidu, mwanangu. Wewe umesoma."

"Kidogo, Gashe."

"Kidogo ndicho kiasi ninachotaka." Alifungua gazeti. Kilikuwa kiwiko cha lori la Endris, amekipasua katikati kwa msumeno. Nje kilikuwa laini kama kioo. Ndani kilikuwa na vishimo kama uso wa injera, na unga mweupe umeganda humo. "Hiki kimeliwa na nini?"

Nilimwambia sijui mpaka nipime, na kwamba nahitaji maji ambayo madereva huongeza njiani. Aliondoka. Baada ya siku nne alirudi na dumu. Alikuwa amepanda lori la mtu asiyemfahamu mpaka kwenye kisima cha barabarani, chini ya Mille, akateka mwenyewe, akarudi na lori jingine. Midomo ilikuwa imepasuka kwa jua.

Nilipima saa za chakula cha mchana, wenzangu walipokuwa nje. Maji yale yalikuwa na chumvi karibu kama ya bahari. Kwenye alumini nilikuta kitu ambacho hakikutakiwa kuwamo. Nilipomweleza tulikuwa tumekaa kwenye benchi la getini, na nilikuwa nikiangalia magoti yangu kwa sababu ndivyo ninavyoongea na watu.

"Gashe, kuna kitu kingine ulikuwa ukitia?"

"Shaba. Bushi za zamani, kiganja kimoja kila nikiyeyusha, tangu mwaka juzi. Ili iwe ngumu. Pistoni tupu ni laini, boliti hung'oa nyuzi zake."

"Maji ya kile kisima yana chumvi nyingi. Chumvi ikikuta alumini yenye shaba ndani yake huila, tena huila kutoka ndani. Ule unga mweupe ndio alumini yako yenyewe. Ilioza, ikasafiri, ikaziba rejeta. Mwisho ikatoboka na maji yakavuja kidogo kidogo bila mtu kuona."

"Na malori ya zamani je? Maji yalikuwa hayohayo."

"Yale yalikuwa chuma kizito na rejeta za shaba tupu. Yalichukua miaka mingi kuliwa. Haya mapya yana maji yake ya rangi ya kuzuia kutu, yameandikwa kwenye kitabu cha lori. Hakuna anayeyanunua."

"Na plastiki?"

Hilo sikutaka kulijibu. "Plastiki haijali chumvi, Gashe. Ingepasuka siku moja kwa joto, kwa kishindo, mvuke ukajaa kioo chote. Dereva angesimama palepale. Angengoja kipuri. Injini isingekufa."

Malori ya pamba yalikuwa yakiingia getini, na askari alikuwa akipiga filimbi.

"Kwa hiyo ni mkono wangu," alisema.

"Ndiyo, Gashe. Samahani."

"Usiseme samahani!" Nilipomtazama nilishangaa. Uso wake ulikuwa umefunguka kama siku ile ya lori jeupe. "Ni mkono. Umesikia ulivyosema? Ni mkono wangu ndio uliokosea. Nilitia shaba pasipotakiwa shaba. Fundi yeyote hukosea, mtoto wa mtu yeyote hukosea." Alishika vidole vyangu kwa mikono yake miwili, mikavu kama magome. "Niandikie hivyohivyo. Weka na muhuri wa kiwanda."

"Muhuri hawataniruhusu."

"Basi bila muhuri. Jumapili uwasomee yadini."

"Niwasomee mimi?"

"Nikisema mimi ni maneno. Ukisema wewe ni elimu."

Nilikubali kwa kuwa sikujua namna ya kumkatalia.

Jumapili walikuwepo wapatao thelathini chini ya turubai. Gashe alikuwa amenyoa ndevu. Vipande viwili vya kiwiko aliviweka juu ya stuli, mbele ya watu, upande ulioliwa ukitazama juu. Mama alikuwa nyuma akipuliza mkaa. Nilisimama na karatasi yangu, sentensi kumi na moja, nilizoziandika upya mara nyingi kuliko tasnifu yangu ya chuo.

"Sauti, binti!" Bezabih aliita kabla sijafika ya pili. "Unamsomea nani, huyo karatasi?"

Watu walicheka, si kwa ubaya. Nilianza tena. Nilifika kwenye neno kloridi.

"Klo nani?"

"Chumvi," nilisema. "Ya kisima cha barabarani."

"Kwa kisima kile nimenywesha malori tangu hujazaliwa. Baba yako, Mungu amrehemu, alinyweshea hapohapo. Niambie lilikufa lori gani?"

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa sentensi ya saba. "Yale yalikuwa ya chuma," nilisema, lakini niliiambia karatasi, na waliokaa mbele waliulizana nimesema nini. Nilisoma zilizobaki haraka haraka kama mtu anayetaka kushuka kwenye ngazi, nikakaa.

Gashe alisimama.

"Ndugu zangu, binti ana aibu, lakini hesabu zake ni za kweli. Nitawaambia kwa lugha ya gereji. Nimekosa. Nilitia shaba kwenye alumini. Hakuna aliyenifundisha, nilibuni mwenyewe, nikajiona mjanja. Endris, lori lako limeuawa na huu mkono." Aliunyoosha mbele yao, kiganja juu. "Muuchukie huu. Mnitukane, mseme Zewdu ni fundi mbovu, mwambieni kila dereva mpaka Djibouti. Nitawarudishia plastiki zenu zote, nitazifunga bure. Lakini semeni ni mkono."

Nilimwona Endris akiegemeza mikono magotini. Nadhani alikuwa karibu kusimama.

"Mimi nina swali dogo," alisema Bezabih. Hakuwa akifanya mzaha tena, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nina miaka hamsini na sita. Nimewajua mafundi wa Dessie, wa Mojo, wa Adama. Sijamwona hata mmoja anayekubali kosa, sembuse anayelibembeleza. Fundi ukimshika na nati yako mfukoni mwake atasema ilidondokea humo. Huyu anakuja na msomi, anakuja na karatasi, anatuomba tuseme kosa ni lake. Kwa nini? Mtu hukimbilia jambo dogo akiwa na kubwa nyuma yake."

Maneno yale yaliwaingia watu taratibu, nikaona yakiwaingia, mmoja baada ya mwingine, kama maji yanavyoloanisha kitambaa. Gashe alifungua mdomo. Kila jambo ambalo angelisema lingekuwa ushahidi zaidi. Aliufunga.

Endris alisimama. Alimwendea, akamshika bega, na sauti yake ile kubwa ikatoka ndogo. "Yamekwisha, ndugu yangu. Tumekusamehe. Yote ni ya Mungu."

"Umenisamehe nini?" Gashe aliuliza.

"Yote."

"Taja moja."

Endris aliligeukia jiko. "Tuleni jamani," alisema. "Chakula kinapoa."

Mama alileta sinia kubwa kwa mikono miwili, akaliweka katikati. Kisha alirudi jikoni, akaja na sahani ndogo ya bati, injera moja na shiro juu yake, akaiweka kwenye stuli, kando ya vipande vya kiwiko.

Gashe aliitazama. "Mama Sinidu, kwani mimi mgonjwa?"

"Hapana, Gashe. Ni heshima tu. Mgeni hutengewa."

Mama alikuwa analia aliposema hivyo, na alikuwa amejipanga ili moshi wa jiko uonekane ndio sababu. Gashe alinawa. Alikula matonge matatu, akiwa amesimama, akashukuru. Alivifunga vipande vya kiwiko kwenye gazeti lake akaondoka, na hakuna aliyemwambia abaki. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye sinia kubwa. Nilikuwa na tonge mkononi na sikujua niliweke wapi, kwa hiyo nililila.

Siku hizi malori yanateremka na plastiki zake. Zinapasuka palepale zilipokuwa zikipasuka, na madereva wanalala chini ya malori mlimani Bati wakimtukana mtu wa kiwandani wasiyemjua. Wakirudi wanasimulia wakicheka. Plastiki haina ukoo, ikivunjika imevunjika. Kuhusu maji ya chumvi hakuna aliyeniuliza tena, na madumu yanajazwa kisimani kama zamani. Gashe alibomoa tanuri lake, akawauzia wajenzi matofali yake. Anatengeneza majembe na visu nyumbani kwake, na mkewe ndiye anayevipeleka sokoni.

Mwaka jana mama yake Endris alifariki. Hema la matanga lilijengwa mbele ya nyumba, na watu wa yadi wote walikwenda, Wakristo kwa Waislamu. Mimi niliombwa nigawe kahawa. Nilikuwa napita safu kwa safu na birika la udongo, nyuma yangu msichana wa jirani amebeba trei ya finjani, nilipomwona Gashe Zewdu ameketi mwisho wa benchi. Alikuwa amekonda. Alimpa Endris pole, na Endris alimkumbatia mbele ya watu, kumbatio la kweli, nililiona. Kisha kila mmoja akarudi mahali pake.

Nilipomfikia, msichana aliinamisha trei ili achague. Gashe alimwambia, "Asante, mwanangu, usisumbuke." Aliingiza mkono ndani ya koti, akatoa kitu kilichofungwa kwenye leso. Ilikuwa finjani yake, ametoka nayo nyumbani. Aliifuta kwa kidole gumba, akainyoosha kwangu, na hakukuwa na lawama usoni mwake. Alikuwa anatupunguzia kazi tu.

Trei ilikuwa palepale, imejaa. Ningeweza kuchukua finjani moja humo nikamwekea mkononi. Watu wangeona, wangenyamaza, na yangepita. Nilifikiri hivyo, nilikumbuka Endris na tonge lake, na wakati huohuo nilihisi macho ya benchi zima yakiwa juu ya mikono yangu.

Niliinamisha birika, nikamimina kwenye ile yake.

"Sukari, Gashe?"

"Kidogo," alisema.